Somo la Elimu ya Wafanyakazi: Kuchagua Chombo cha Kuundia Daftari la Kompyuta



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa viwandani na mashambani hatuna mali nyingi, lakini tunayo moja kubwa, nayo ni siku zetu za kazi. Siku isipoandikwa, imepotea. Ikiandikwa na mtu mmoja akalifungia daftari kabatini, imepotea pia. Na siku hizi kuna njia ya tatu ya kuipoteza: kuiandika ndani ya mashine ambayo hakuna kati yetu anayejua kuifungua.

Katika mikutano ya matawi ya Gitega na Muyinga swali moja limerudi mara nyingi. Ofisi zinaacha madaftari ya karatasi na kuleta simu na kompyuta. Makarani wanaunda wenyewe programu za kuandikia mahudhurio, kilo za kahawa na mishahara. Matawi yetu nayo yanataka kuwa na orodha ya wanachama, michango na malalamiko. Vyombo vya kuundia programu hizo ni vingi, na kila muuzaji anasifu chake. Je, tuchague kipi, na tukichagueje?

Haraka hii ina sababu zake. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayowataka wanunuzi wa kahawa, pamoja na mazao mengine, waonyeshe shamba lilikotoka zao na kwamba msitu haukukatwa ili lilimwe. Kuanza kwa utekelezaji wake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wafanyabiashara wa kahawa wamekwisha kuanza kupima mashamba kwa simu na kuhifadhi majina ya wakulima. Chombo kinachoingia kwa ajili ya kuandika mashamba hakitachukua muda mrefu kabla ya kuanza kuandika watu. Hatuna budi kujifunza sasa, kabla halijaletwa mbele yetu jambo lililokwisha kuamuliwa.

1. CHOMBO CHENYEWE NI NINI

Zamani mwenye kiwanda akitaka programu ya mahudhurio alimwita fundi wa kompyuta. Fundi aliandika amri kwa lugha ya mashine, mstari baada ya mstari, kwa miezi mingi. Maandishi hayo ya amri huitwa msimbo. Kosa likitokea aliitwa yeye tena, na malipo yalikuwa makubwa.

Siku hizi viko vyombo vinavyomwezesha karani wa kawaida kuunda programu bila kuandika msimbo, au kwa kuandika kidogo tu. Huchagua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na kuvipanga: hapa nafasi ya jina, hapa tarehe, hapa kilo, hapa kitufe cha kutuma. Ni kama seremala anayenunua milango na madirisha tayari, kazi yake ikabaki kuyapachika. Wataalamu huviita majukwaa ya msimbo mchache. Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 2014 na kampuni ya utafiti ya Forrester ya Marekani, lakini wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1979 programu ya VisiCalc iliwapa makarani jedwali linalojumlisha lenyewe, na mwaka 1992 Microsoft ilitoa Access, ambayo iliwawezesha watu wa ofisini kujiundia daftari lenye fomu. Kilichoongezeka leo ni simu ya mkononi na intaneti.

Tulizingatie hilo neno jukwaa. Jukwaa ni mahali pa kusimama. Aliyesimama juu ya jukwaa la mwingine, mwenye jukwaa akiling'oa, huanguka. Somo letu lote limo humo.

2. KIPANDE KIMOJA, KAZI MBILI

Wazee wetu waliovuka mpaka kwenda Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walikijua kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake, mfanyakazi alitiwa alama, na nafasi zote zikijaa alikwenda kulipwa. Mfumo ule ulikuwa wa kikoloni na wa dhuluma. Hata hivyo kadi yenyewe ilikaa mkononi mwa mfanyakazi, naye aliweza kuhesabu alama zake jioni kando ya moto.

Kenya nako kulikuwa na kipande, lakini cha namna nyingine. Kilitokana na sheria ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Humo mliandikwa waajiri wake na mishahara yake. Aliyeacha kazi bila ruhusa alitafutwa kwa kipande hicho.

Jina ni lile lile, lakini kadi ya kwanza ilimsaidia mfanyakazi kudai siku zake, na ya pili ilimfunga. Daftari la kompyuta nalo lina kazi mbili. Linaweza kuwa ushahidi wetu, na linaweza kuwa kikopo shingoni mwetu. Litakuwa lipi kati ya hayo mawili, hilo huamuliwa na mambo matatu: nani anaweza kulisoma, nani anaweza kulisahihisha, na nani anaweza kulichukua.

3. YALIYOTUPATA

Tueleze kisa chetu wenyewe. Msimu mmoja, katika kituo cha kuoshea kahawa upande wa Muyinga ambacho hatutakitaja jina, karani mmoja hodari aliunda programu ya mahudhurio kwa kutumia simu yake. Ilifanya kazi vizuri. Foleni ya asubuhi ilipungua, nyapara hakuhitaji tena kuita majina kwa sauti, na kila jioni jumla ilipatikana bila kugombana. Sisi wenyewe tulimsifu. Kadi za karatasi za vibarua zikafutwa, kwa kuwa "sasa tuna simu".

Katikati ya msimu karani alipata kazi mahali pengine, akaaga vizuri, akaenda zake. Hapo ndipo tulipogundua kwamba programu ilikuwa imefunguliwa kwa anwani yake binafsi ya barua pepe, na neno la siri lilitumwa kwenye namba ya simu aliyokwisha kuiacha. Daftari lilikuwapo, lakini hapakuwa na mwenye ufunguo.

Siku ya malipo, akina mama wanaochambua kahawa kwenye meza za kuanikia walidai siku nyingi kuliko zile zilizokuwa kwenye karatasi ya mwisho iliyochapwa. Kadi hawakuwa nazo. Walilipwa kwa makadirio. Na makadirio, ndugu, huelemea daima upande wa mwenye nguvu.

Karani yule hakuwa mwizi, wala chombo hakikuwa kibovu. Kosa lilikuwa letu sote. Tulikipokea chombo kwa sababu kilifanya kazi haraka, tukasahau kuuliza kitakuwaje siku mambo yatakapoharibika.

4. KWANZA KAZI, HALAFU CHOMBO

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Programu gani ni nzuri?" Swali hilo halina jibu. Ni sawa na kuuliza jembe na panga kipi bora kabla ya kusema unakwenda kulima au kukata mgomba. Kwanza tuandike kazi yenyewe kwenye karatasi: nani anaandika, anaandika nini, wapi, saa ngapi, nani anasoma, na karatasi inaishia wapi.

Tulipofanya hivyo tuliona kwamba tuna kazi mbili zisizofanana.

Muyinga kazi ni ya msimu. Matunda ya kahawa huvunwa kwa miezi michache, takriban kuanzia Machi hadi Juni au Julai. Vituo viko vilimani. Vibarua ni wengi na hubadilika, mtandao huja na kuondoka. Kinachoandikwa ni kifupi: jina, tarehe, kazi aliyoifanya, siku nzima au nusu. Lakini kinaandikwa mara nyingi, na kosa moja ni chakula cha mtu.

Gitega kazi ni ya ofisini. Huko kuna viwanda, kama kile cha bia cha Brarudi, na shughuli ya kukoboa kahawa ina historia ndefu. Wafanyakazi wengi ni wa kudumu. Tunachohitaji ni orodha ya wanachama, michango ya kila mwezi, na daftari la malalamiko linaloonyesha lalamiko limefika kwa nani na limejibiwa lini. Maandishi ni machache, lakini ni ya siri na hukaa miaka mingi.

Chombo kinachofaa kilimani huenda kisifae ofisini. Asitokee mtu akatuambia tununue kimoja kwa kazi zote eti kwa sababu kinaonekana kizuri.

5. MASWALI SABA YA KUULIZA

Muuzaji au karani akileta chombo, tumwulize maswali haya saba, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Swali la kwanza: Ufunguo uko kwa nani? Akaunti ifunguliwe kwa jina la ofisi au la tawi, kamwe isiwe kwa jina la mtu mmoja. Wenye ufunguo wawe angalau wawili. Kwa upande wa chama liko jambo kubwa zaidi: orodha ya wanachama isiwekwe kamwe kwenye chombo kinacholipiwa au kuendeshwa na mwajiri. Orodha hiyo ikifika mikononi mwa mtu mbaya hugeuka kuwa orodha ya watakaofukuzwa.

Swali la pili: Mtandao ukikatika, kazi inaendelea? Programu nyingine haziwezi kuandika hata jina moja bila intaneti. Nyingine huandika ndani ya simu, kisha hutuma mtandao ukirudi. Tusiridhike na maneno. Tuizime intaneti ya simu mbele ya muuzaji, tuandike watu kumi, tuzime simu yenyewe, tuiwashe tena, tuone kama majina kumi yamo.

Swali la tatu: Mfanyakazi ataonaje yaliyoandikwa juu yake? Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa mwaka 1997 mwongozo wa kulinda taarifa binafsi za wafanyakazi. Mwongozo huo si sheria, lakini unasema wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kuziona taarifa zake, ziwe za karatasi au za mashine. Unasema pia kwamba uamuzi juu ya mfanyakazi usitegemee hesabu ya mashine peke yake. Wengi wa vibarua wetu hawana simu za kisasa. Kwao haki ya kuona maana yake ni karatasi: kadi mkononi, au orodha iliyobandikwa ukutani.

Swali la nne: Kosa linasahihishwaje? Daftari la karatasi likifutwa, alama ya kufuta hubaki. Katika kompyuta namba yaweza kubadilishwa isibaki hata vumbi. Kwa hiyo tudai chombo kinachoweka kumbukumbu ya mabadiliko: nani alibadilisha, lini, ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi. Chombo kisichoweza kufanya hivyo hakifai kuandikia mishahara.

Swali la tano: Nani anaweza kuirekebisha, na kwa lugha gani? Mfano tunao wa karibuni. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Mgawanyo huo ulianza kutumika mwaka 2025. Muyinga, iliyokuwa mkoa, sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Kila fomu yenye orodha ya mikoa na komini ilibidi ibadilishwe. Penye karani aliyejua chombo chake, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Penye kumtegemea fundi wa mbali, ni kusubiri na kulipa. Na maneno ya kwenye fomu yawe ya Kirundi na Kiswahili pamoja na Kifaransa. Mtu hawezi kutetea haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Swali la sita: Gharama yake ni nini msimu ukiisha? Vyombo vingi vya kukodi hutoza kwa kila mtumiaji kwa kila mwezi. Tufanye hesabu. Tuseme bei ni dola 5 kwa mtu mmoja kwa mwezi, na makarani ni 40. Ni dola 200 kwa mwezi, na dola 2,400 kwa mwaka. Kama kazi yetu ni ya miezi minne tu, hitaji letu ni dola 800, na zile 1,600 zinakwenda bure, isipokuwa mkataba unaruhusu kusimamisha. Tena malipo hayo ni kwa fedha za kigeni na hutakiwa kwa kadi ya benki. Sisi tunaolipwa kwa faranga twajua jinsi dola zilivyo adimu. Chombo ambacho hufungwa mwezi mmoja usipolipiwa ni sawa na daftari lililowekwa rehani.

Swali la saba: Tukitaka kuondoka, tunaondoka na nini? Tuulize kama tunaweza kuyatoa maandishi yetu yote katika jedwali la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Tusidhani kwamba kampuni kubwa ni salama. Google, kampuni kubwa kupita nyingi duniani, ilikuwa na chombo cha namna hii kilichoitwa App Maker. Mnamo Januari 2020 ilitangaza kwamba itakifunga, na tarehe 19 Januari 2021 kikafungwa. Programu zote zilizoundwa juu yake zilikoma kufanya kazi. Walioweza kuchukua maandishi yao walijenga upya mahali pengine.

6. AINA TATU ZA VYOMBO

Majina ni mengi, lakini kwa kazi yetu tunaweza kuvigawa vyombo katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni vyombo vya fomu. Kazi yake ni kuuliza maswali na kukusanya majibu. Mfano mmoja ni ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Miongoni mwa walioitumia mapema ni wahudumu wa mpango wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, waliokwenda nyumba kwa nyumba na simu badala ya karatasi. Juu ya msingi huo ilijengwa KoboToolbox, iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard; jina lake limetokana na neno la Kiacholi la Uganda ya Kaskazini. Vyombo hivi huandika bila mtandao, fomu moja huweza kuwa na lugha kadhaa, na fomu yenyewe hupangwa katika jedwali la kawaida. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. KoboToolbox ina mpango wa bure, ingawa una kikomo cha majibu kwa mwezi, na hatuna budi kukihesabu kikomo hicho kabla ya msimu. Upungufu wake ni huu: vinakusanya vizuri, lakini havikuundwa kufuatilia shauri linalopita kwa mtu huyu hadi yule kwa miezi.

Aina ya pili ni vyombo vya kukodi mtandaoni. Humo mna AppSheet, ambayo Google iliinunua mwaka 2020, Power Apps ya Microsoft, na Airtable. Vinavutia na huweza mengi: kutuma taarifa, kupitisha maombi kwa mkubwa, kuchora hesabu. Karani mwerevu huunda programu kwa siku chache. Lakini daftari linakaa kwenye mashine za kampuni, nchi za mbali. Kodi hulipwa kwa dola, na ukiondoka unachukua maandishi tu, programu yenyewe unaiacha. Kiwanda kikubwa ambacho tayari kinalipia huduma za Microsoft huenda kikaona vinafaa. Tawi la chama linaloishi kwa michango midogo lifikirie mara mbili.

Aina ya tatu ni vyombo vya kusimika wenyewe. Msimbo wake uko wazi, unaviweka kwenye kompyuta yako, na daftari linalala nyumbani kwako. Budibase na Appsmith ni mifano. Mfano mkubwa zaidi tunauona katika vituo vya afya: wizara ya afya ya Burundi hutumia DHIS2, mfumo uliotokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Wenye nchi hupanga fomu zao wenyewe bila kuuandika upya msimbo. Uzuri wa aina hii ni uhuru. Ubaya wake ni kwamba uhuru una kazi: lazima awepo mtu wa kuitunza kompyuta, kuweka nakala kila wiki, kuilinda na wezi, na kuilisha umeme. Pasipo mtu huyo, jukwaa la kujijengea litaanguka mapema kuliko la kukodi.

7. TUNACHOPENDEKEZA

Kwa kazi ya siku za vibarua Muyinga, tunapendekeza chombo cha fomu, na cha kujaribia kiwe KoboToolbox. Akaunti iwe ya tawi, wenye ufunguo wawe katibu na mweka hazina. Fomu iwe fupi, maswali yasizidi sita. Tusiulize dini, kabila, ugonjwa wala mimba, maana kisichoandikwa hakiwezi kuibiwa.

Kadi ya karatasi irudi. Kila jioni karani akishaandika katika simu, atie alama kwenye kadi ya kibarua mbele ya macho yake. Kila Jumamosi orodha ichapwe na kubandikwa ukutani, na anayeona kosa aseme kabla ya Jumatatu. Hapo patakuwa na daftari mbili zinazochungana, moja kwa ofisi na moja kwa mwenye jasho. Wapo watakaosema kwamba tunarudi nyuma. Sisi twasema kwamba simu ni ya kujumlisha na kadi ni ya kushuhudia.

Kwa orodha ya wanachama na malalamiko Gitega, tunapendekeza kwa sasa tusikodi chombo chochote. Wanachama wetu wanatosha kwenye jedwali la kawaida ndani ya kompyuta moja ya tawi, lenye neno la siri, na nakala mbili zilizowekwa mahali tofauti. Tukifika mahali jedwali halitoshi, na tukiwa tumekwisha kumfundisha mwenzetu mmoja au wawili kutunza kompyuta, ndipo tujaribu chombo cha kusimika wenyewe. Kununua ngazi kabla ya kujenga ghorofa ni kupoteza fedha.

Jaribio lifanywe katika kituo kimoja, kwa mwezi mmoja wa mwanzo wa msimu, karatasi na simu vikienda pamoja. Mwisho wa mwezi hesabu mbili zilinganishwe mbele ya wafanyakazi. Zikitofautiana, tutafute sababu kabla ya kuendelea. Hapo ndipo mkutano utakapoamua.

8. JAMBO AMBALO CHOMBO HAKILIWEZI

Tusidanganyike. Mizani ikidanganya, kompyuta itaandika udanganyifu huo kwa maandishi safi. Nyapara akiandika nusu siku kwa aliyefanya siku nzima, programu itajumlisha nusu hizo bila kukosea hata moja. Na mwajiri asiyepeleka michango yetu kwenye hifadhi ya jamii, INSS, hatageuka kuwa mwaminifu kwa kununua simu mpya.

Chombo kizuri hakileti haki. Kinaleta ushahidi, na ushahidi unahitaji watu wa kuusimamia. Katika kisa chetu cha kule kituoni, kama akina mama wangekuwa na kadi zao, wasingelipwa kwa makadirio, hata kompyuta zote zingezimika. Na kama wangekuwa na kadi lakini bila chama cha kusimama nao, kadi zingeitwa karatasi tupu. Vyote viwili vyahitajika.

MUHTASARI

Andika kazi kabla ya kuchagua chombo. Ufunguo uwe wa tawi, uwe na watu wawili. Jaribu bila mtandao. Mfanyakazi aone na kusahihisha. Fomu iwe kwa lugha yetu, na mtu wetu ajue kuibadilisha. Hesabu gharama ya mwaka mzima. Hakikisha mlango wa kutokea uko wazi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Mahali unapofanya kazi, siku zako zinaandikwa wapi? Umewahi kuliona daftari hilo?

2. Karani wenu akiondoka leo, nani mwingine anaweza kulifungua?

3. Ni mambo gani yanayoulizwa katika fomu za kazini ambayo hayahusiani na kazi wala mshahara?

4. Ofisi ikileta chombo kipya bila kushauriana nanyi, maswali gani matatu mtayauliza kwanza, na mtayauliza kupitia nani?

KAZI YA KUFANYA

Kila kikundi kichukue daftari moja linalotumika kwenu, kichore kwenye karatasi safari yake tangu asubuhi linapofunguliwa hadi siku ya malipo. Wekeni alama kila mahali ambapo siku ya mtu inaweza kupotea. Leteni michoro hiyo kwenye mkutano wa matawi. Ndugu wa Muyinga wanaokuja Gitega kwa barabara ya Karuzi wachukue pia ya wenzao wa njiani.

Somo lijalo litahusu namna ya kusoma hati ya mshahara na kutambua makato yake. Mpaka hapo, kila mmoja wetu ahesabu siku zake mwenyewe.